Malezi ya Nyumbani: Barafu za Mtoto Asiyekula Nyama

Wako watoto ambao nyama haiwaingii kabisa. Utaipika kwa tui la nazi, utaipika kwa ndimu na tangawizi, utaiponda mpaka iwe mfano wa unga. Mtoto ataipeleka shavu hili na shavu lile, kisha ataitema katika kiganja cha mamake na kufunga mdomo. Nyumbani kwetu tunaye wa namna hiyo, naye ni binti wa binti yetu, ambaye hivi sasa anakaribia miaka mitatu. Tangu alipoanza kulishwa kwa kijiko hakupata kumeza kwa hiari yake kipande cha nyama, wala cha kuku, wala cha samaki. Na sisi twakaa Tanga, mahali ambapo nyumba isiyopika samaki hutazamwa kama nyumba yenye msiba. Wali atakula, ndizi atakula, maziwa atakunywa mpaka akigeuze kikombe juu chini. Nyama, la.

Mwezi huu twataka kuwaeleza wazazi yale tuliyojifunza kwa mtoto huyu, na baadhi yake, twakiri, tulijifunza kwa kuchelewa.

Katika joto la kaskazi iliyopita mtoto alianza mapenzi mapya. Aliijua njia ya kwendea kwenye jokofu, na kila tulipopita alitushika kanzu: "Babu, barafu." Wala hakutaka barafu tamu, alitaka barafu tupu ya maji, vile vipande vya kutilia katika bilauri. Alivitafuna kama mtu atafunaye bisi, vipande vinane au tisa kwa siku. Sisi tulicheka. Bibi yake alisema ni joto, sisi tukasema ni meno. Tulipomkuta siku moja akilamba chokaa ya ukuta wa ua, tulimwosha mdomo, tukamgombeza kidogo, tusiulize zaidi. Mtu aliyefundisha watoto chuoni kwa miaka mingi hudhani amekwisha kuiona kila tabia ya mtoto, na dhana hiyo ndiyo iliyotuponza.

Basi mamake alimpeleka kliniki kwa ajili ya mafua. Muuguzi, mwanamke kijana ambaye umri wake ni nusu ya wetu, alimfunua kope la chini la jicho, akamtazama viganja, akauliza, "Mtoto huyu hali udongo?" Mamake akajibu kuwa udongo hali, ila barafu tu, barafu haimtoki kinywani. Muuguzi akaiweka kalamu chini. Walimtoboa ncha ya kidole, na kipimo cha damu kikasoma gramu 8.4 kwa desilita. Na mtoto wa umri wake yatakiwa isipungue 11. Binti yetu alirudi nyumbani analia, na sisi tuliokuwa tukicheka hatukuwa na la kusema.

Waganga wanajua jambo hili tangu zamani: mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma mwilini, na hasa ikiwa damu yake imekwisha kupungua kwa sababu hiyo, huweza kushikwa na hamu ya kula visivyo chakula. Mmoja hutaka udongo, mwingine chokaa, mwingine mchele mbichi, na wako wanaotaka kutafuna barafu tupu. Hatusemi kwamba kila mtoto apendaye barafu ni mgonjwa. Joto la Tanga ni joto, na barafu ni barafu. Twasema kwamba mtoto anayeitafuta barafu tupu kila siku kama mtu mwenye deni nayo, khasa akiwa hali nyama, apelekwe akapimwe damu. Kipimo chenyewe ni tone moja la kidole. Na mzazi asingoje mpaka mtoto aanguke, kwani damu hupungua polepole, na mtoto hujizoeza nayo, hupunguza mbio, huketi zaidi, na watu wa nyumbani husema, "Mashallah, siku hizi ametulia."

Daktari aliuliza mtoto hula nini, na tulipokwisha kumweleza, tuliona makosa yetu yamejipanga kama wanafunzi. La kwanza ni hilo la nyama. Chuma kilichomo katika nyama na samaki mwili hukichukua kwa wepesi, lakini chuma cha maharagwe, choroko na mboga za majani hukichukua kwa shida, ila kisaidiwe. La pili ni maziwa. Sisi tulijisifu kuwa mtoto wetu anakunywa vikombe vinne, vitano kwa siku. Kumbe maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, nayo yakizidi humshibisha mtoto asitake chakula kingine. Daktari alitupangia vikombe viwili, visizidi. La tatu ndilo lililotuuma zaidi, maana lilitoka mkononi mwetu wenyewe: chai. Kila asubuhi tulikuwa tukimpa mjukuu wetu chai ya rangi katika kisahani, aipulize na kuinywa pamoja nasi, huku akila maharagwe. Chai ina kitu kinachokishika chuma cha maharagwe kisipenye mwilini. Tulikuwa tukimpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili.

Hapa baadhi ya jamaa walisema dawa ni moja tu, mtoto alazimishwe kula nyama. Mjomba mmoja alikuja na maini, akashauri pua ibanwe. Sisi hatukukubali. Nyama Mwenyezi Mungu ameihalalisha, hakuilazimisha. Na yajulikana katika hadithi sahihi kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia aibu chakula, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Tena katika nyumba ya Bibi Maimuna aliandaliwa mnyama wa jangwani aitwaye dhabu, asimle, akaeleza kwamba mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Na Khalid bin Walid akamvuta, akamla mbele yake, wala hakukatazwa. Ikiwa mtu mzima aliachiwa nafsi yake, mtoto wa miaka miwili na nusu tutambana pua kwa hoja gani? Mtoto aliyelishwa kwa nguvu hujifunza kuiogopa sahani.

Tena iko mifano mlangoni petu. Jirani yetu mmoja ni mama wa Kihindi, ambaye katika nyumba yao nyama haikupata kuingia tangu kwa mababu, nao wamelea watoto na wajukuu wenye afya. Bibi yake mtoto alikwenda kumwuliza siri yake, naye alicheka akasema hakuna siri: dengu kila siku, na juu ya dengu hukamuliwa ndimu wakati wa kula, si wakati wa kupika. Tulipomweleza daktari alisema mama yule amesema kweli. Ile vitamini C ya ndimu, ya chungwa, ya embe, ya ubuyu, ndiyo inayokifungulia mlango chuma cha nafaka na mboga. Moto huiharibu, ndiyo maana ndimu hungoja sahani. Nyumba ile haili hata mayai, lakini hunywa maziwa na kula mtindi; na jambo hili si dogo, kwani vitamini B12 haimo katika mimea, na mtoto asiyekula nyama hana budi kuipata katika maziwa au mayai. Mtoto ambaye hata hivyo viwili havili, wazazi wake wamwone daktari apewe kwa njia ya dawa.

Mtoto wetu aliandikiwa dawa ya chuma ya matone kwa miezi mitatu. Twalitaja hili mapema ili asije msomaji akadhani barafu zimeponya damu iliyopungua. Damu ikiisha kupungua hurudishwa na dawa, na chakula huilinda isipungue tena. Na dawa hiyo ifichwe juu kabisa, maana mtoto akiinywa chupa nzima ni sumu.

Bibi yake ndiye aliyeleta shauri la barafu. Alisema, "Ikiwa barafu ndiyo anayoitaka, basi chakula chake kipitie huko huko." Sisi tulimwona anatania. Yeye akaenda kabatini, akatoa vikombe vya kahawa.

Twaomba wasomaji wavitazame vikombe hivi kwa jicho jipya. Finjani ya kahawa ni kiasi kinachomtosha mtoto kwa mara moja. Mdomo wake ni mpana kuliko kitako, kwa hiyo barafu hutoka bila kung'ang'ania. Na kijiko kidogo cha plastiki kikisimamishwa katikati, kichwa chini na mpini juu, ndicho kijiti cha kushikia. Usijaze mpaka ukingoni, kwani maji yakiganda hutanuka kiasi cha sehemu moja katika kumi na moja. Kuitoa barafu, kitie kikombe katika maji ya bombani ukihesabu mpaka ishirini. Usitumie maji ya moto. Sisi tulimwagia maji ya birika, na finjani mbili za harusi ya bibi huyo zikapasuka mbele ya macho yake. Khabari hiyo hatutaieleza zaidi.

Barafu ya kwanza aliyoikubali mtoto ilikuwa ya ubuyu. Chukua ubuyu mweupe, wenyewe kama ulivyotoka katika kibuyu, si ule mwekundu wa dukani uliokwisha kupikwa kwa sukari na rangi. Kikombe kimoja cha chai cha ubuyu kitie katika vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiuchemshe ubuyu wenyewe, ile vitamini yake itapotea. Uache nusu saa, uufikiche kwa mkono safi mpaka mbegu zibaki tupu, chuja. Tende sita zilowekwe, zitolewe kokwa, zisagwe laini, zichanganywe humo. Yatoka maji mazito yenye ukali na utamu pamoja. Sukari haimo, wala haitakiwi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya watoto wa miezi 6 mpaka 23 limeagiza wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi wala vinywaji vilivyotiwa sukari. Na mtoto wetu, ijapokuwa ameupita umri huo kidogo, meno yake ni yale yale.

Ya pili ndiyo yenye chakula hasa, nayo ni ya choroko. Mtu wa pwani akisikia choroko katika barafu huguna, lakini ndugu zetu wa Indonesia, ambao ni Waislamu wengi kuliko sisi, hugandisha choroko na tui la nazi na watoto wao huzigombania. Nusu kikombe cha choroko ziloweke usiku kucha, mwaga maji yake, zipike mpaka zipasuke zenyewe, zisage ziwe laini bila chembe. Tia nusu kikombe cha tui zito lililochemshwa, ndizi mbivu moja iliyopondwa na iliki kidogo. Sasa, kwa kuwa chuma cha choroko chahitaji mfunguzi wake, bibi yake hufanya hivi: nusu ya finjani hutia embe bivu lililosagwa, huigandisha saa moja, kisha juu yake hutia choroko na kusimamisha kijiko. Mtoto hulamba rangi ya manjano na rangi ya kijani kwa pamoja. Embe likiisha msimu hutumia papai. Sisi wenyewe huzila hizi kwa siri baada ya Isha, na tumekwisha kushikwa mara mbili.

Ya tatu ni ya ndizi na ufuta. Ndizi mbivu mbili, maji ya chungwa moja, na vijiko viwili vya ufuta uliokaangwa na kusagwa mpaka utoe mafuta. Ufuta una chuma kingi kwa kadiri ya uzito wake, lakini usiupeleke kwa mtoto kwa mara ya kwanza kijiko kizima. Wako watoto ambao miili yao huukataa kama ambavyo mingine huikataa karanga, wakavimba midomo au kuota vipele. Anza na ncha ya kijiko, mchana, nyumbani, umwangalie. Mtoto akianza kupumua kwa shida, hapo hapo akimbizwe hospitali.

Tulijaribu pia mchicha na embe. Ilitoka barafu yenye rangi ya maji ya kisima kilichoachwa, mtoto akaitazama, akatutazama sisi, akairudisha. Mchicha anaula sasa katika wali, umekatwa mwembamba, na ndimu juu.

Wasomaji wataona kuwa katika barafu hizi hatukutia unga wa jelatini unaotiwa katika vitamu vingi vya madukani ili vishikane. Jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe na nguruwe pia, na pakiti nyingi hazielezi ni ya mnyama gani. Kwa hiyo yule asiyekula nyama na yule anayetafuta halali wakutana mbele ya rafu ile ile, wakisoma herufi zile zile ndogo. Anayetaka kitu cha kushikamanisha atumie ule mwani mkavu wa nyuzi nyeupe unaouzwa katika maduka ya Kihindi, ambao akina mama wa pwani hufanyia faluda. Mwani mwingine hulimwa na wanawake wa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hupelekwa ng'ambo, na kinachotolewa humo hutiwa katika aiskrimu za nchi za watu ili ziwe nzito. Ndizi na tui, lakini, zatosha. Barafu yake hulainika yenyewe.

Lililobaki ni maji, na hapa twasema kwa uzito. Iko dhana katika nyumba zetu kwamba baridi huua vijidudu. Haiwaui, huwalaza. Barafu ikiyeyuka katika tumbo la mtoto, wao huamka. Mwaka fulani watoto saba wa chuo chetu walihara katika wiki moja, na wote walikuwa wamenunua barafu kwa mtu mmoja apitaye saa ya mapumziko. Alikuwa mtu mwema, mwenye watoto wake, ila maji yake yalitoka katika pipa lisilofunikwa. Maji ya barafu yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Matunda yaoshwe kabla ya kumenywa. Na umeme ukikatika mpaka barafu zikayeyuka, zisigandishwe upya, hata roho ikiuma kwa zile tende.

Na mtoto ale ameketi. Kukimbia na mpini kinywani ni khatari, na vile vipande vya barafu tupu ambavyo sisi tulikuwa tukimpa huku tukicheka vyaweza kumkaba mtoto mdogo kooni. Karanga na korosho nzima vile vile. Barafu ikitoka katika jokofu iache dakika tatu ili isimnase ulimi. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata tone, hata katika barafu, kwa kuwa mara nyingine hubeba kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukishinda.

Baada ya mwezi mmoja wa matone, ubuyu na choroko, kipimo kilisoma 9.9. Baada ya miezi mitatu kilisoma 11.6. Hamu ya barafu tupu ilikuwa imekwisha kumtoka kabla ya hapo. Siku moja bibi yake alimpa kipande ili amjaribu, akakitia katika ndoo ya maji na kukitazama kinavyoyeyuka. Chai tunakunywa peke yetu sasa, naye hupewa kisahani chenye maji ya chungwa ili asione ametengwa.

Idd ya Kuchinja iliyopita tulimwekea katika sahani yake kipande kidogo cha ini, kilaini, kimekatwa kama punje ya harage, tukanyamaza tusimwangalie. Alikishika, akashuka mkekani, akampelekea paka nyuma ya mlango. Kisha alirudi, akanawishwa, akaomba finjani yake ya embe.